Matairi ya tela, Yaeda Chini

Msikilizaji wa Yaeda Chini, tela linapopanda kutoka bondeni kuelekea Mbulu mjini, limejaa magunia na wakati mwingine watu juu yake, wengi tunaikagua trekta tu. Leo tuyakague matairi ya tela.

Ukinunua tairi la mtumba, usiishie kwenye kashata. Soma ubavuni: tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa DOT, mathalani 2318, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kashata zinaweza kuwa nzima huku mpira umezeeka na kuingia nyufa kwa jua. Hilo liache, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Likiwa na upepo mdogo chini ya mzigo mzito hujikunja, hupata moto, kisha hupasuka. Na likipasuka mteremkoni, tela huiyumbisha trekta yenyewe. Miiba ya migunga ichomoe kila jioni, kabla haijafika kwenye tyubu.

Tela likikaa kusubiri mavuno, liinue juu ya magogo imara na kuyafunika matairi. Ukibadilisha gurudumu, zikaze nati tena baada ya mwendo mfupi.