Kuhani Aliyemdhania Hana



Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, tunamkuta Hana akisali huko Shilo. Midomo yake inacheza, lakini sauti haisikiki. Kuhani Eli, aliyeketi mlangoni, anamtazama na kumkaripia, akidhani kwamba amelewa. Hana anamjibu kwa heshima kuwa hakuonja kileo. Alikuwa akimweleza Mungu uchungu wake. Ndipo Eli anapotambua kosa lake, akamwombea heri.

Ndugu zangu, mimi nami nimewahi kuwa Eli. Miaka mingi iliyopita, nikiwa padre kijana katika parokia moja ya miteremko ya Kilimanjaro, alikuwapo mama mmoja mjane, mtu wa makamo, aliyejipatia riziki kwa kupika mbege. Dominika moja alikuja kanisani akinuka pombe. Nilimkaripia mbele ya wenzake. Dominika iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Yeye, tofauti na Hana, alikuwa amekunywa kweli. Lakini uchungu wake ulikuwa kama wa Hana, nami sikuuona.

Katekista wetu, mzee mwenye busara, ndiye aliyenifumbua macho. Mume alikuwa amefariki, watoto wamehamia mjini, na usingizi umempotea. Mpishi wa mbege hana budi kuonja, ili ajue kama ndizi na kimea cha ulezi vimeiva pamoja. Kuonja kukawa kata moja ya jioni. Kata moja ikawa tatu, ili apate usingizi. Hakuna aliyemwuliza neno. Mwanamume mlevi huimba njiani, kijiji kizima kikasikia. Mwanamke mlevi hujifungia mlango.

Wapenzi wasikilizaji, Kanisa halisemi kwamba divai ni najisi. Bwana wetu alikuwapo arusini Kana, na divai tunaitolea altareni. Lakini Mungu aliyetupa mazao ya shamba ametupa pia akili ya kuujua mwili. Matabibu wanatufundisha kwamba mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanamume. Kwa hiyo kipimo kilekile cha pombe humwingia damuni kwa nguvu zaidi, na ini lake huharibika mapema zaidi. Mama anayefikia umri wa kukoma hedhi, anayesumbuliwa na joto la mwili na kukosa usingizi, hudhani pombe itamsaidia. Kumbe humlaza mapema na kumwamsha kabla ya jogoo, tena humpandisha presha. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa kimataifa wameihesabu pombe kuwa kisababishi cha saratani. Leo yajulikana kwamba saratani ya matiti ni mojawapo. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Gongo nayo huweza kuwa na sumu ya kupofusha macho na kuua.

Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga marufuku pombe kali za viroba, nayo ilifanya vema. Lakini sheria hufunga kiroba tu. Moyo uliojaa huzuni haiufungui. Kazi hiyo ni yetu.

Kwako mama unayenisikiliza huku umejifungia mlango: Mungu hakuchoki. Mwendee mtu mmoja unayemwamini, umweleze. Nenda zahanati upimwe presha na ini, useme kweli juu ya unywaji wako. Kama umekunywa sana kwa miaka, usiache ghafula ukiwa peke yako, kwa maana mwili huweza kutetemeka hata kupatwa na degedege; acha ukiwa chini ya uangalizi wa tabibu. Nanyi wana mlio mjini, msitume fedha tu. Mtembeleeni mama yenu. Nanyi wana jumuiya ndogo ndogo, makatekista, na akina mama wa WAWATA, mkimwona mwenzenu amepotea ibadani, msianze na minong'ono. Bisheni hodi.

Mimi nilibisha hodi kwa kuchelewa. Nilimwomba yule mama msamaha nikiwa nimesimama uani, katikati ya mapipa yake. Alinitazama kwa muda, kisha akaniletea kigoda. Hakuacha pombe siku ile, na baadaye alianguka zaidi ya mara moja. Lakini jirani zake walianza kumfikia jioni, saa ile ambayo zamani aliishika kata, wakasali naye rozari. Baada ya mwaka aliacha biashara ya mbege, akalima mboga. Alirudi kanisani, akaketi benchi la mbele, mahali ambapo nisingeweza kukwepa macho yake.

Tumwombe Mungu atujalie kusikia maombi ya midomo isiyo na sauti, na kutambua uchungu kabla ya kuhukumu harufu.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo.