Walitafuta Majina Yao Wasiyaone

Somo: Ezra 2:59-63



Wengi wetu tukisoma Biblia tukafika penye orodha ndefu ya majina, huifunua kurasa upesi ili tuipite. Leo nawaomba tusiipite. Katika Ezra mlango wa pili yameandikwa majina ya jamaa zilizorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli, kila jamaa na hesabu yake. Lakini tukifika mstari wa 59 tunakuta watu wenye huzuni. Ni wana wa Delaya, wana wa Tobia na wana wa Nekoda, watu 652. Hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Na miongoni mwa makuhani zilikuwako jamaa tatu zilizotafuta majina yao katika daftari la nasaba wasiyaone. Kwa hiyo wakazuiliwa kazi ya ukuhani.

Je, ndugu msikilizaji, waijua huzuni hiyo? Hapa Kenya wako waijuao vema. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa wametoka mbali, pande za Ziwa Nyasa: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Wengine walikuwa wamepelekwa kwanza Bara Hindi, wakasomeshwa huko Nasik, kisha wakarudi pwani yetu kuifanya kazi ya Injili. Kati ya hao walikuwamo William Jones na Ishmael Semler, waliowekewa mikono kuwa mashemasi mwaka 1885.

Yasikilizeni majina hayo. Jones. Semler. Ni ya watu wa Ulaya. Hayatuambii baba wa watu hao aliitwaje, wala mama alilia katika kijiji gani siku mtoto alipokosekana. Sasa fikirini kitukuu wa mtu kama huyo akitaka kuujua ukoo wake. Anafungua daftari la ubatizo, anaona jina la Kizungu, pengine na jina la kabila. Nyuma ya mstari huo kimya. Maana mtoto aliyeibwa akiwa na miaka mitano au sita hakumjua baba yake kwa jina lolote ila Baba.

Basi mtu afanye nini akifika mahali njia ya wazee wake inapopotea? Neno la Mungu latufundisha mambo matatu.

Kwanza, asikate tamaa upesi. Moja ya zile jamaa tatu za makuhani iliitwa Hakosi. Jina lao halikuonekana katika daftari lile. Lakini someni 1 Nyakati 24:10, mtalikuta jina Hakosi katika zamu za makuhani, ya saba. Lililokosekana katika kitabu kimoja lilikuwamo katika kingine. Kadhalika na sisi. Daftari la kanisa likinyamaza, ziko barua na taarifa za wamisionari wa CMS, zilizohifadhiwa Birmingham, Uingereza. Iko Nyumba ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Zaidi ya yote wako wazee. Usimwulize bibi yako, "Mama yako alizaliwa mwaka gani?" Hilo hatalijua. Mwulize, "Ilikuwa njaa gani? Ilikuwa rika la nani?" Mkamba akikuambia kwamba babu yake alizaliwa wakati wa njaa ya Ngomanisye, amekupa tarehe, maana njaa hiyo ilikuwa kati ya 1898 na 1900.

Tena jihadharini na majina, maana jina huonyesha na jina huficha. Jamaa ya tatu katika habari ya Ezra waliitwa wana wa Barzilai. Kwa nini? Kwa sababu baba yao alioa binti wa Barzilai Mgileadi, akaitwa kwa jina la wakweze. Kila aliyewatafuta kwa jina la kwao hakuwapata. Kwetu pia ni hivyo. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, na wa pili kwa babu mzaa mama. Ajuaye desturi hiyo, majina ya watoto humwonyesha njia ya kwenda kwa wazee. Lakini kwa Wajaluo Otieno ni mtoto aliyezaliwa usiku, na katika lokesheni moja akina Otieno ni wengi kama nyota. Jina peke yake halitoshi. Uliza na jina la baba, na la mama, na kijiji.

Pili, asijaze pengo kwa uongo. Watu wale 652 wangaliweza kujitungia baba. Babeli ilikuwa mbali, nani angalikwenda kuuliza? Lakini imeandikwa wazi kwamba hawakuweza kuonyesha. Hawakughushi. Mpendwa, jaribu hili ni kubwa katika nchi yetu, maana kwetu ukoo si hadithi ya jioni tu. Ukoo ni shamba, ni urithi, ni ndoa. Wako wanaojiunganisha na chifu fulani wa zamani, ingawa moyoni wajua hawana hakika. Wako wanaolifuta jina la mke wa pili na watoto wake ili shamba libaki kwa wachache. Kuandika babu asiye wako ni kushuhudia uongo, na kumfuta aliye wenu ni wizi. Mathayo hakufanya hivyo. Alipoandika nasaba ya Bwana wetu aliwataja Tamari, na Rahabu, na Ruthu Mmoabi, wala hakuona haya. Ukifika mahali usipojua, andika: "Hapa hatujui." Hayo ni maneno ya heshima. Atakayekuja baada yako atajua aanzie wapi.

Tatu, mtu asiyejulikana na daftari bado amehesabiwa. Tazameni tena mstari ule. Watu ambao hawakuweza kuonyesha baba zao wameandikwa hata hivyo, na idadi yao, 652. Hawakuachwa njiani. Walipanda kwenda Yerusalemu pamoja na wenzao. Ndiyo sababu twaona haya tukikumbuka jinsi wana wa Freretown walivyodharauliwa na majirani kwa kukosa kabila na kwao. Dhambi hiyo haijaisha. Hata leo mtoto aliyelelewa bila baba huulizwa shuleni, "Wewe ni wa nani?" akainamisha kichwa. Kanisa lisimwulize hivyo kwa dharau. Paulo awaambia Waefeso katika mlango wa tatu kwamba kila jamaa, mbinguni na duniani, hupata jina lake kwa Baba. Mtoto yule wa jahazini aliyejua neno Baba tu hakupotea machoni pa Mungu, ijapokuwa daftari limempoteza.

Wasikilizaji wapendwa, James Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyewekwa huru. Alisikiliza masimulizi ya wazee wa Freretown, akayaandika, na mwaka 1934 kikatolewa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa. Asingaliandika, mengi tungaliyazika pamoja na wazee wale. Juma hili nunua daftari moja. Keti na mzee wako mmoja. Andika majina anayoyakumbuka, na ya wake na mabinti pia, maana hao husahauliwa kwanza. Usingoje Krismasi ijayo. Huenda mzee asiifikie.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uwajuaye waliokosekana katika vitabu vyetu, tupe bidii ya kuwatafuta, na ukweli wa kunyamaza tusipojua. Uwafariji wote wasiojua walikotoka. Utufundishe kuwapokea kama ulivyotupokea sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.