Ua la Usambara: Tusiling'oe Msituni
(Mazungumzo mbele ya kikundi cha akina mama, Taita)

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya ua hili nililobeba kwa mkebe. Wengi mmeliona kwa madirisha ya watu wa mjini mkadhani ni la Wazungu. La, ni la kwetu. Mwaka wa 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata kule milima ya Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani. Hata leo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Kule ng'ambo watu huwapa mama zao kama zawadi ya upendo.

Sasa, hapa Taita liko ndugu yake, ambalo halimei porini mahali pengine po pote duniani ila msitu wa Mbololo, juu ya mawe yenye kivuli na unyevu. Nimesikia wengine wetu wakisema, twende tukachimbe tuuze. Hapo mimi nakataa, hata mkinikasirikia. Yako machache. Hata miti ikikatwa tu, jua likipiga lile jiwe, yanakauka.

Na kuchimba kwa nini, na jani moja latosha? Tafuta mtu aliye na ua hili kwa mkebe, umwombe jani lenye afya pamoja na kikonyo chake. Kikonyo ukipunguze kibaki kama urefu wa kiungo cha kidole, ukichomeke kwa mchanga uliochanganywa na mboji, kisha ufunike kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga. Mizizi hutoka kwa wiki tatu au nne. Vichipukizi huchukua miezi miwili au mitatu, kwa hivyo usifukuefukue kuangalia!

Likikua, liweke karibu na dirisha, lakini si kwa jua kali. Majani yana manyoya. Ukiyamwagia maji baridi yanapata madoa. Tia maji kwa kisahani chini ya mkebe uliotobolewa, na baada ya nusu saa umwage yaliyobaki. Mengi hufa kwa maji mengi, si kwa kiu. Langu la kwanza niliua hivyo hivyo, kwa mapenzi.

Haya, mama mweka hazina, nipe hicho kisu. Tunaanza na jani hili la chini.