Antena Moja, Vyumba Vitatu

Fungueni madaftari yenu. Nawe mwalimu wa darasa, tafadhali chora ubaoni nyumba yenye antena juu ya paa na vyumba vitatu chini yake. Leo tutajifunza jinsi antena moja iwezavyo kutumiwa na televisheni zaidi ya moja.

Nimechagua jambo hili kwa kuwa nimeliona likiharibu ujirani. Miaka michache iliyopita nilipanga chumba Dar es Salaam, katika nyumba ya wapangaji watatu. Tulichanga fedha, tukanunua antena. Kijana mmoja akachuna nyaya zetu tatu, akazisokota pamoja, akazifunga kwa utepe. Jioni ile picha ya mama wa chumba cha mbele ilikuwa safi. Yangu ilikatika vipande vipande. Chumba cha tatu hakikupata kitu. Mama akaambiwa kwamba anatuibia. Wiki mbili hatukusalimiana vizuri, na mama wa watu hakuwa na kosa.

Kosa lilikuwa katika kile kiungo. Utazame waya wa antena uliokatwa: katikati mna uzi wa shaba, na kuuzunguka mna wavu wa waya. Umetengenezwa kwa kipimo maalumu, omu 75, ili mawimbi yapite vizuri. Ukisokota nyaya, kipimo hicho huharibika, na mawimbi mengine hurudi nyuma kama mwangwi. Kifaa kifaacho ni kigawanyio, kijisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita splita. Kina tundu moja la kuingilia na mawili au zaidi ya kutokea.

Lakini kigawanyio hakiongezi kitu. Gawa kibaba cha unga kwa watu wawili: kila mtu atapata nusu, na kidogo kitamwagika. Vivyo hivyo, kwa kigawanyio cha matundu mawili kila televisheni hupata kama asilimia 45 ya nguvu. Kwa cha manne, kila moja hupata kama asilimia 20. Basi usinunue cha manne ikiwa mna televisheni mbili.

Zamani mawimbi yakipungua tuliona chenga. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Picha ya dijitali hubaki safi mpaka nguvu ipungue kupita kiasi, kisha hukwama na kutoweka. Ndiyo maana jirani huona vizuri nawe huoni kitu, ingawa tofauti yenu ni ndogo.

Nguvu isipotosha, kuna kikuza mawimbi, yaani busta. Wengi hukiweka nyuma ya televisheni, na mara nyingi fedha yao hupotea bure, kwa maana hapo mawimbi yamekwisha dhoofika na kelele hukuzwa pamoja nayo. Kiwekwe juu, karibu na antena, kabla ya kugawanya. Umeme wake hupanda kwa waya ule ule wa antena. Kwa hiyo chagueni kigawanyio chenye tundu linalopitisha umeme. Kupanda paani mwachieni fundi, tena mbali na nyaya za umeme.

Sisi tulinunua kigawanyio cha matundu matatu. Kabla ya kukifunga tulikwenda kwanza kumwomba mama yule radhi.

Sasa hesabuni: vigawanyio viwili vya matundu mawili vimefungwa, kimoja kikifuata kingine. Televisheni ya mwisho itapata asilimia ngapi?