Hali ya Pesa za Kale za Shaba

Katika nyumba nyingi za nchi zetu, ndani ya kasha la bibi au katika kopo lililosahauliwa, huonekana sarafu ndogo za shaba nyekundu ambazo hazinunui kitu dukani tena. Huenda ikawa pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, yenye mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1882. Huenda ikawa pesa ya kampuni ya Wadachi, yenye picha ya tai, iliyopigwa tangu mwaka 1890 hata 1892. Nazo 64 zilikuwa rupia moja. Au huenda ikawa hela ya Wadachi iliyoanza mwaka 1904, ambayo 100 zilitimiza rupia.

Wako watu wanaozikusanya sarafu hizi, nao huzilipia. Lakini sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizopigwa kwa muhuri mmoja, huenda moja ikauzwa kwa bei iliyo mara nyingi kuliko ya mwenzake. Sababu yake ni hali. Mtu asiyejua kuipima hali ya sarafu aweza kupata hasara kwa njia mbili: ama atauza kilicho kizuri kwa bei ya kibaya, ama atakiharibu kwa mikono yake mwenyewe akidhani akitengeneza. Kwa hiyo twapenda kueleza jinsi ya kuipima.

Kwanza, ishike sarafu kwa ukingo wake, kati ya kidole gumba na cha shahada, na chini yake pawe na kitambaa laini. Usiguse uso wake, kwani jasho la vidole lina chumvi, nayo huacha alama katika shaba. Keti karibu na taa moja, uigeuze sarafu polepole. Ikiwa una kioo cha kukuzia, ni vizuri zaidi.

Pili, tazama mahali palipoinuka. Sarafu ipitapo katika mikono ya watu, sehemu zilizo juu ndizo zinazosuguliwa mbele ya nyingine. Katika pesa ya Barghash tazama nyuzi za mizani. Katika pesa ya tai, manyoya ya mabawa. Katika hela, mistari ya taji na majani ya shada. Je, mistari midogo yaonekana yote, au nusu, au imekuwa bapa? Lakini jihadhari: pengine sarafu ilipigwa kwa nguvu haba kiwandani, ikatoka na picha hafifu. Pahali palipochakaa huwa laini na rangi yake hutofautiana na ya kando. Pahali palipopigwa hafifu huweza kuwa na mng'ao wake wa kwanza bado.

Tatu, yafaa kujua daraja. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alitoa kitabu juu ya senti kubwa za shaba za kwao, akazipa hali zao namba tangu 1 hata 70. Namba hizo zikaenea katika sarafu za namna nyingine. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata ni shida kuitambua. Kuanzia 60 ni ile isiyopita mikononi mwa watu. Hapa pana mtego wa lugha. Sarafu ambayo wafanyabiashara wa Kiingereza huiita "nzuri" ina namba 4 tu: picha yake imebaki kama kivuli. Ile iitwayo "nzuri sana" ni 8. Basi mtu akikuambia kwamba sarafu ni nzuri, muulize, ni nzuri kwa kipimo gani?

Nne, tazama rangi. Shaba mpya ni nyekundu. Kwa miaka hugeuka nusu nyekundu, kisha rangi ya kahawa. Rangi hiyo ya kahawa, ikiwa sawasawa, si uchafu wala si aibu. Ni ngozi ya sarafu, nayo huilinda. Lakini kutu ya kijani iliyo kama unga ni ugonjwa, hasa pwani palipo na chumvi na unyevu, kwani huendelea kuila shaba. Sarafu ya namna hiyo iwekwe mahali pakavu.

Tano, tazama tundu. Senti 5 na senti 10 za shaba za shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, zilitobolewa katikati huko huko kiwandani. Tundu hilo si ila. Lakini pesa ya Barghash iliyotobolewa ukingoni ili ivaliwe shingoni imepungua bei, hata kama picha yake ni safi.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa. Sote twajua jinsi sufuria ya shaba inavyosuguliwa kwa ukwaju, ndimu, majivu au mchanga hata ikang'aa. Msifanye hivyo kwa sarafu. Ukali wa ndimu huila ngozi yake, na mchanga huikwaruza. Itang'aa, kweli, lakini kwa wekundu usio wa asili, na mikwaruzo midogo itaelekea upande mmoja. Mjuzi huitambua mara moja. Sarafu iliyochakaa kwa kutumika bado ina bei yake. Iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Iacheni kama ilivyo, mkaitie katika bahasha kavu ya karatasi, kila moja peke yake.

Enyi wanafunzi, tafuteni sarafu tano za kale, mzipange toka iliyochakaa sana hata iliyochakaa kidogo, na mwandike sababu ya kila moja. Kisha mpeni mwenzenu azipange asiyaone maandishi yenu. Mkitofautiana, tazameni tena pamoja. Na nyinyi wazee, kabla ya kumwuzia mgeni yaliyomo kashani, itazameni kwanza hali yake wenyewe, ili mjue mnachouza.