Moshi wa Jikoni na Macho ya Mama Zetu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini, Samuye, Mkoa wa Shinyanga)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kuzungumza nanyi juu ya haki za wazazi waliofikia uzee, hasa afya yao na usalama wao majumbani.

Kurani Tukufu, katika Sura Bani Israil, imeweka wema kwa wazazi mara tu baada ya amri ya kumwabudu Mungu peke yake. Imetukataza hata kuwagunia, na imetufundisha kuwaombea rehema kwa kuwa walitulea tulipokuwa wadogo. Basi ikiwa mguno mmoja umekatazwa, atajibu nini mtoto aliyemwacha mama yake alale kila usiku kwa hofu ya panga?

Jambo hili haliko mbali nasi. Kwa miaka mingi vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo kati ya mwaka 2005 na 2011. Mwezi Julai 2017, katika kijiji cha Uchama, kwa jirani zetu wa Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao ikachomwa moto.

Je, macho hayo mekundu yanatoka wapi? Zamani miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, hata mwaka 1986 ikabidi serikali ianzishe mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi na kuzirudisha ngitili zetu. Kuni zilipoadimika, mama zetu walipikia mabua, miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya vibanda visivyo na dirisha. Mama aliyeanza kupika akiwa binti amevumilia moshi huo miaka hamsini. Wengine wamepata vikope, maradhi yanayogeuza kope ndani zikwaruze jicho. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa sababu ya kutupikia sisi ugali. Ni dhuluma iliyoje kuifanya alama ya kutulea kuwa hati ya kifo!

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunayo mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, tutengeneze jiko la mzee. Toboa dirisha, jenga jiko lenye bomba la kutolea moshi, mpelekee kuni kavu. Mwenye macho yanayouma au kutoa machozi apelekwe zahanati mapema. Vikope vina dawa, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Tuangalie pia njia ya kwenda chooni, kwani mzee akianguka na kuvunjika nyonga huenda asiinuke tena. Sawazisha njia hiyo, mpatie mkongojo na taa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ikaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwanawe amfuatilie haki hiyo kwa mtendaji wa kijiji.

Pili, tusimwache peke yake. Vijana wengi wamekwenda kwenye machimbo ya Geita na Kahama. Kutafuta riziki ni jambo jema, lakini fedha zinazotumwa kwa simu haziwezi kufunga mlango usiku. Kabla hujaondoka, panga nani atalala karibu na mama yako, na mlango wake uwe imara.

Tatu, tuzuie ndimi zetu na miguu yetu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku arobaini. Mtoto akifa, au shimo la dhahabu likikosa mali, ramli chonganishi humtafuta mwenye kubebeshwa lawama, na mara nyingi humwangukia mjane mwenye shamba linalotamaniwa. Sura Hujurat imetuamrisha tujiepushe na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Basi ukisikia mzee ananong'onwa kuwa ni mchawi, usingoje. Ukanushe uvumi huo hadharani, umjulishe mtendaji na polisi siku hiyo hiyo, na usiku huo mzee asilale peke yake.

Ndugu zangu, anayenyamaza leo kwa ajili ya mama wa jirani, kesho atamwombea nani msaada kwa ajili ya mama yake mwenyewe?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatumikia wazazi wetu wakiwa hai, awalinde wazee wetu wote, na awarehemu waliotangulia. Amin.