Kipimo cha Wali na Hifadhi ya Kiporo

Jioni hii twapenda kusema nanyi habari ya kitu kilichomo katika kila nyumba ya Tanga, Pangani na Muheza, nacho ni wali uliobaki chunguni. Labda wako watakaosema kwamba kiporo hakihitaji mwalimu, maana kila mtoto wa pwani amekula kiporo kwa chai kabla hajajua kusoma. Ni kweli. Walakini wako pia walioamka usiku wakitapika, wakamlaumu samaki, na samaki hakuwa na kosa.

Kwanza kipimo. Wazee walipima kwa pishi, kisaga na kibaba: vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hata leo zaka ya fitri hutajwa kwa pishi, ambayo wengi huihesabu kuwa kama kilo 2 na nusu. Lakini mchele wa kila siku twaununua kwa kilo, na jikoni wengi hukadiria kwa jicho tu. Na jicho la mpishi aogopaye kuaibika mbele ya wageni huzidisha sikuzote. Kikombe kikubwa kilichojaa mchele, yaani kama gramu 200, hutoa karibu vikombe vitatu vya wali, nao watosha watu wawili. Tambi kavu zikichemshwa, uzito wake huwa kama mara mbili. Bibi mwenye nyumba akitia kikombe kimoja katika pipa la mchele, asipimie kingine, baada ya juma moja atajua nyumba yake yala vikombe vingapi, na kiporo kitapungua chenyewe.

Hata hivyo kitabaki, na hapa ndipo penye hatari. Katika mchele mna vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, vitokavyo katika udongo wa shamba. Vina mbegu ngumu ambazo zaweza kuponyoka katika maji yachemkayo. Wali ukiwa moto sana, mbegu hulala. Ukiwa vuguvugu huamka, vijidudu huzaana, na baadhi yake hutoa sumu ndani ya chakula. Mpaka wa hatari ni tangu nyuzi 5 za joto hata 60. Basi mwezi wa Machi, ambapo joto la mchana hapa kwetu hupita nyuzi 30, jiko zima limo ndani ya mpaka huo.

Watu wengi hudhani kwamba moto husafisha kila kitu. Moto wa asubuhi waweza kuua vijidudu vilivyoamka. Lakini sumu ile ya kutapisha, ikiisha kuingia, haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Tena haina harufu wala ladha. Uingereza jambo hili lilijulikana tangu mwaka 1971, watu walipougua kwa kula wali wa kukaanga uliopikwa mapema ukaachwa nje. Wagonjwa wengi hupona kwa siku moja, lakini si wote: mwaka 2008 huko Ubelgiji kijana mmoja alikula tambi zilizokaa siku tano nje ya jokofu, akafa.

Tufikirie mwezi wa Ramadhani. Wali wa nazi hupikwa saa mbili usiku, hufunikwa kwa kawa, na huliwa daku saa kumi. Ni saa nane kamili. Kawa la ukindu ni kitu kizuri, huzuia nzi na paka. Lakini haliwezi kuzuia kilichokwisha kuwamo, na uvuguvugu huutunza vema mno.

Mwenye jokofu autandaze wali katika sinia, kimo cha vidole viwili tu, upoe upesi. Kisha autie jokofuni katika muda wa saa moja, na kwa vyovyote usipite saa mbili. Chungu kizima kikitiwa kama kilivyo, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Kesho upashwe moto hata utoe mvuke kote, mara moja tu, na uishe siku hiyo. Umeme ukikatika usiku kucha, wali huo usiliwe. Asiye na jokofu si budi apime kidogo jioni, na mchele wa daku aupike wakati wa daku. Ni kazi ya nusu saa, nasi twajua kwamba nusu saa ya usingizi si kitu kidogo kwa mama aliyefunga.

Kuna na habari ya arusi. Wali wa masufuria makubwa hupikwa alfajiri, na jioni masinia yangali yakipelekwa kwa majirani. Apelekaye na aseme wali ulipikwa saa ngapi, na jirani akiuliza asionekane mkosefu wa adabu.